UZI: Vituko vya magazeti ya zamani. Leta ulichokutana nacho ukutani kwa bibi, kwa fundi cherehani au kwenye kifungashio cha samaki migebuka

Mwisho wa Reli (mleta uzi, Kigoma Mjini)

Mwakeye wakuu.

Nina ugonjwa mmoja: gazeti la zamani likipita mbele yangu silipi mgongo. Muuza vitumbua akinifungia, naomba karatasi kwanza, vitumbua vitajijua. Na katika kukusanya huko nimeona jambo moja ambalo ndilo limenifanya nifungue uzi huu: gazeti likizeeka, kichwa cha habari cha ukurasa wa mbele ndicho kinachokufa wa kwanza. Mheshimiwa kafungua semina, mheshimiwa kafunga semina. Leo nani anamkumbuka? Kinachobaki hai ni vile vilivyobanwa pembeni: barua ya msomaji aliyegombana na kondakta, tangazo la sabuni, shairi la kumjibu mtu aliyelijibu shairi, kijana anatafuta rafiki wa kalamu. Watu wenyewe walikuwa wanaishi huko pembeni.

Kwetu Kigoma kuna sababu ya ziada. Gazeti lilikuja na treni. Kutoka Dar mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 1,200, na treni ilikuwa inalala njiani si chini ya mara moja. Behewa likiacha njia huko Itigi, ongeza mwenyewe. Habari ulishazisikia RTD (Redio Tanzania) saa mbili usiku juzi. Kwa hiyo hapa hakuna aliyenunua gazeti ili ajue nini kimetokea. Lilinunuliwa kwa picha, katuni, mashairi na hadithi ya kuendelea. Tangazo la dansi la Jumamosi tulilisoma Jumatatu, tukalifurahia hivyohivyo.

Halafu ndipo maisha ya pili ya gazeti yakaanza. Jalada la daftari. Fundi analikatia pateni ya gauni. Ukuta wa udongo. Sokoni. Na hapa mwenye kumbukumbu ya mawese anielewe: karatasi ikishakolea mafuta inakuwa kama kioo cha dirisha, unasoma pande zote mbili kwa mkupuo. Nilishasoma tanzia ya mzee mmoja ikiwa imeingiliana na ripoti ya mpira iliyo nyuma yake. Marehemu alikuwa amefunga mabao mawili kipindi cha pili, na mazishi yakaahirishwa kwa sababu ya mvua.

Karibuni.

Popote Kambi

Nimeweka mkeka. Leteni.

Kijana wa Mwandiga

Mkuu hapo kwenye ukuta umenigusa. Chumba cha bibi yangu kilibandikwa magazeti kuanzia sakafuni mpaka darini, kwa uji wa muhogo. Mimi nimejifunza kusoma nikiwa nimelala chali kitandani. Tatizo bibi hakujua kusoma, kwa hiyo alikuwa anabandika kwa kufuata picha na ukubwa wa tundu. Kurasa nyingine ziko kichwa chini, nyingine zimelala ubavu. Kulikuwa na hadithi ya upelelezi pembeni mwa mto: mtu ameuawa hotelini, mpelelezi amepata kitambaa chenye damu, anageuka kumtaja muuaji... "Inaendelea uk. 7".

Ukurasa wa 7 ulikuwa upande wa pili wa karatasi hiyohiyo. Umetazama udongo.

Nilianza kubandua kwa ukucha. Bibi alinikuta. Yaliyofuata hayahusu uzi huu.

Embe Dodo wa Isevya (Tabora)

Mwangaluka watani. Nawasoma hapa nacheka. Yaani nyie uhusiano wenu na gazeti ni wa kufungia samaki na kuziba matundu. Sisi Tabora tulikuwa tunalichapa! Kiongozi, gazeti la Wakatoliki, lilianza 1950 hapa Tabora, na mtambo wa TMP, kiwanda cha uchapaji cha misheni pale Kipalapala, ulitoa vitabu na magazeti yaliyosomwa nchi nzima. Mtoto wa Dar alikuwa anasubiri gazeti kutoka Tabora. Liandikeni hilo ukutani.

Mwisho wa Reli

@Embe Dodo kwanza shikamoo kwa niaba ya mtambo. Pili, jina hilo mlilikuta likiwa limeshatumika: wakati wa Wajerumani kulikuwa na Kiongozi mwingine Tanga, lililochapwa shuleni tangu 1904. Tatu, ninyi mlikuwa na mashine, sisi tulikuwa na watu wa kuandika. Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyezaliwa Ujiji mwaka 1924, ndiye aliyewawekea washairi sheria zao kwenye kitabu mwaka 1954. Mashairi mengi ya magazetini baada ya hapo yalipimwa kwa kipimo cha mtu wa Ujiji. Mizani ikipungua, unaulizwa hadharani.

Embe Dodo wa Isevya

Na Nyerere kasoma wapi? Kafundisha wapi? Tabora Boys, St. Mary's. Endelea na mawese yako.

Mwalimu Mstaafu TBR

Vijana, shikeni adabu, nami nichangie.

Mambo Leo, gazeti la serikali la kila mwezi lililoanza Januari 1923, ndilo chuo kikuu cha vituko vya aina hii. Lilikuwa la wakoloni, na ukurasa wa mbele ulijaa yale waliyotaka tuyajue. Lakini lilikuwa na sehemu ya habari za miji, ambako watu wa kawaida, wengi wao makarani na walimu, waliandika kutoka walikokaa. Nani kaoa, nani kahamishwa, timu gani imefungwa, chui ameingia wapi. Ukisoma hizo habari unagundua kwamba kile ambacho leo mnakiita kuposti kilikuwepo kabla ya mnara wa simu.

Barua ndizo nilizozipenda mimi. Kulikuwa na namna ya kuingia. Hukuweza kusema tu kwamba nyama ya sokoni imepanda bei. Lazima kwanza ubishe hodi: unamwomba Bwana Mhariri akupe nafasi ndogo katika gazeti lake tukufu ili nawe utoe machache yako. Unaomba radhi kwa wakubwa. Unawasalimu wasomaji wote. Nafasi ndogo uliyoiomba ikiwa imeshamalizika kwa kuomba nafasi, ndipo nyama inatajwa, mstari mmoja, kisha unaaga kwa jina, kazi na mji.

Na washairi walikuwa hivyohivyo, ila kwa vina. Beti mbili za kumwomba Mhariri, beti moja ya kumkanya karani asipotoe herufi, kisha swali: kipi bora, mali au elimu? Kuku na yai, nani wa kwanza? Mwezi unaofuata majibu yanamiminika kutoka pwani na bara. Wa tatu anamjibu wa pili kwamba hakumwelewa wa kwanza. Wa nne anawatukana wote kwa heshima kubwa. Shaaban Robert mwenyewe alipitia kurasa hizo. Nawaambia kweli, mtu aliweza kutukanwa kwa mizani nane kwa nane na akaukata ukurasa akauhifadhi.

Halafu mwaka 1937 akatokea Erica Fiah, Muganda mwenye duka Dar es Salaam, akaanzisha Kwetu, gazeti la kwanza la Mwafrika hapa Tanganyika. Huko barua zilianza kuwa na meno. Lakini hodi ilibaki palepale: hata anayelalamikia ukoloni alianza kwa kuomba nafasi.

Popote Kambi

"Kutukanwa kwa heshima kubwa". Mwalimu nimekukubali. Siku hizi tunatukanwa bila hata vina.

Mama Dagaa Kibirizi

Jamani mimi ndiye ninayewafungia. Tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, gazeti limerudi mezani kwangu kwa heshima zote. Nanunua kwa kilo. Kuna wateja wawili watatu nawajua, hawaangalii dagaa, wanaangalia karatasi. Mmoja alinirudishia kifungashio kesho yake akaomba kipande cha juu yake, eti habari imekatika. Nikamwambia kipande cha juu kimekwenda Burundi.

Mwisho wa Reli

@Mama Dagaa shikamoo mama. Yule si mimi. (Ni mimi.)

Sasa nilete kisa changu kikubwa, na nakileta kwa sababu ya Mama Dagaa. Kuna watu wanaona aibu kwamba gazeti kwetu lina kazi nyingine zaidi ya kusomwa. Sikilizeni ya Dkt. Livingstone, ambaye wageni wanakwenda kuona mnara wake hapo Ujiji.

Mwaka 1871 alikuwa Nyangwe, kwenye Mto Lualaba, ng'ambo ya ziwa letu, Kongo ya leo. Karatasi zimemwishia. Wino umemwisha. Alichokuwa nacho ni gazeti la London, The Standard la Novemba 24, 1869. Akaligeuza ubavu, akaandika shajara yake kukatiza juu ya maandishi yaliyochapwa, kwa wino aliojitengenezea kwa mmea wa hukohuko. Wino ule ulififia ukabaki kivuli, chapa ya gazeti ikabaki nyeusi ti. Kwa miaka zaidi ya 100 hakuna aliyeweza kuzisoma vizuri kurasa zile, mpaka wataalamu walipozipiga picha kwa mwanga wa rangi mbalimbali, hata ule usioonekana kwa macho, kompyuta ikachambua wino mmoja na mwingine. Matokeo yakatolewa 2011.

Na kilichoandikwa humo si cha kuchekesha. Julai 15, 1871 wafanyabiashara ya watumwa waliwafyatulia risasi watu sokoni Nyangwe, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vitu vyao. Waliokufa ni mamia. Livingstone alishuhudia, akayaandika juu ya gazeti lililokuwa limebeba habari za London za zaidi ya mwaka na nusu nyuma. Kisha akageuza njia, akarudi Ujiji akiwa hoi, akafika Oktoba.

Kwa hiyo gazeti lililotafitiwa kuliko mengi duniani halikutafitiwa kwa kilichochapwa. Ni kwa matumizi yake ya pili.

Mama Dagaa Kibirizi

Wanawake wa sokoni. Mungu awarehemu.

Kijana wa Mwandiga

Hiki kisa shuleni hatukuambiwa. Tuliambiwa tu Stanley, mwembe, kofia.

Mwisho wa Reli

Ya Stanley nayo ina kituko chake. Yeye alitumwa na gazeti, New York Herald. Alipofika Ujiji Novemba 1871 alimletea mzee mfuko wa barua ulioandikwa tarehe Novemba 1, 1870. Mwaka mzima! Na mzee kabla ya kuzama kwenye barua akataka habari za dunia, Stanley akageuka gazeti linalotembea: Mfereji wa Suez umefunguliwa, reli imekatiza Marekani, Grant amekuwa rais, Ufaransa na Wajerumani wamepigana. Yote hayo mzee anayasikiliza kibarazani.

Mfuko wenyewe wa barua Stanley aliukuta umekwama wapi? Unyanyembe. Tabora. Yaani hata 1871 mzigo wa Kigoma ulikuwa unakwama Tabora.

Embe Dodo wa Isevya

Hahaha, dah, hiyo umeipika. Lakini sema ukweli wote: ulikwama Bagamoyo kwanza, miezi, wapagazi hawajapatikana. Sisi tulikwama nao kwa sababu kulikuwa na vita vya Mirambo barabarani. Mtu anapita na barua katikati ya vita?

Mwalimu Mstaafu TBR

Na msisahau kwamba magazeti yalikuwa yameshamzika Livingstone huyohuyo. Wapagazi kutoka Anjouan waliomtoroka walifika Zanzibar na hadithi kwamba ameuawa. Mwaka 1867 habari ikachapwa, watu wakaomboleza. Ikabidi kikosi kitumwe kuuliza kijiji hadi kijiji, kikarudi na jibu: hakuna maiti, mtu alipita hapa, alikuwa mzima na alikuwa anatembea.

Daktari wa Redio Kasulu

Kuzikana magazetini ni mchezo wao wa zamani. Mark Twain, mtunzi wa vitabu wa Marekani, naye mwaka 1897 alifuatwa na mwandishi aliyetaka kujua kama amekufa. Akajibu kwamba taarifa za kifo chake zimetiwa chumvi.

Lakini mimi kinachonifurahisha ni gazeti likikosea kwa kujiamini. Chicago Daily Tribune la Novemba 3, 1948 lilitoka na kichwa kikubwa kwamba Dewey amemshinda Truman kwenye uchaguzi wa rais wa Marekani. Sababu ni ya kawaida kabisa: wachapaji walikuwa kwenye mgomo, gazeti likalazimika kufungwa mapema, wahariri wakaona bora kubahatisha. Truman akashinda, akapigwa picha akiwa amelinyanyua gazeti juu, meno yote nje.

Na New York Times mwaka 1920 lilimsimanga Goddard, yule wa roketi, kwamba hajui hata fizikia ya mtoto wa shule, eti roketi haiwezi kusukuma mahali pasipo na hewa. Wakaomba radhi Julai 17, 1969, watu wakiwa njiani kwenda mwezini. Goddard alifariki 1945.

Kijana wa Mwandiga

Faida ya kuwa mwisho wa reli hiyo. Uongo wa gazeti unafia njiani, sisi tunapokea gazeti pamoja na masahihisho yake.

Daktari wa Redio Kasulu

Kwenye mwezi kuna kubwa zaidi. Mwaka 1835 gazeti la The Sun la New York lilitoa makala sita mfululizo kwamba Herschel, mwanaastronomia aliyekuwa na darubini kubwa huko Afrika Kusini, ameona viumbe mwezini. Misitu, wanyama, na watu wenye mabawa ya popo. Watu wenye mabawa ya popo! Gazeti likauzwa mpaka mashine zikachoka. Herschel mwenyewe hana habari, yuko Rasi ya Tumaini Jema anahesabu nyota zake.

Mama Dagaa Kibirizi

Popobawa.

Popote Kambi

Mama umemaliza. Sisi Popobawa, lile zimwi la usiku, tulimjua 1995 akitokea Zanzibar, kumbe alishapita New York miaka 160 kabla.

Mwalimu Mstaafu TBR

Nawaona mnacheka, lakini mwaka ule wa Popobawa watu wazima na vyeo vyao walilala nje kwa makundi. Msomaji wa New York na msomaji wa kwetu ni mmoja. Wote walisema "limeandikwa gazetini".

Binti Gungu 74

Naona wanaume mmejaa na roketi. Ngoja nilete ya marafiki wa kalamu.

Nilikuwa kidato cha pili, miaka ya mwisho ya themanini. Nikapeleka jina langu kwenye jarida, pamoja na picha niliyopiga studio nimeegemea ua la plastiki. Unaandika jina, umri, S.L.P., na mapendeleo. Mapendeleo yalikuwa yaleyale nchi nzima: kusoma, muziki, kusali, kubadilishana mawazo na zawadi. Zawadi zenyewe hakuna aliyewahi kuzipata, lakini lazima uziandike.

Barua zikaja! Bahasha za njano, pembeni zimechorwa moyo na mshale. Kijana mmoja kutoka Manyoni mapendeleo yake ni kuogelea. Manyoni, wakuu. Nikamwuliza anaogelea wapi. Akanijibu kurasa tatu, ametaja upendo mara nyingi sana, bwawa hakulitaja hata mara moja.

Mwisho wake ulikuwa mbaya kidogo. S.L.P. niliyoandika ilikuwa ya shule. Mwalimu wa zamu akafungua barua ya Manyoni akaisoma mstarini asubuhi, kwa sauti ya kuigiza. Mpaka leo kuna mtu nikikutana naye stendi ananiuliza "unaogelea siku hizi?"

Embe Dodo wa Isevya

Kama unamtafuta, mimi nina shemeji Manyoni.

Binti Gungu 74

Shemeji abaki hukohuko na bwawa lake.

Mwisho wa Reli

Mapenzi magazetini hayakuanza na sisi. Uingereza na Marekani karne ya 18 na ya 19 kulikuwa na tangazo maarufu: mume anatangazia umma kwamba mkewe ametoroka, kwa hiyo wenye maduka wasimkopeshe kwa jina lake, hatalipa. Lilikuwa tangazo la biashara hasa, la kukwepa madeni. Kilichonivutia ni kwamba baadhi ya wake walilipia tangazo nao, toleo linalofuata, wakajibu: hakuna duka lililowahi kumkopesha huyu bwana, na hicho kitanda anachosema nimekitoroka nilikuja nacho mimi. Mji mzima unasoma. Hapo hakuna mhariri wa kuombwa nafasi, umelipa, unasema.

Popote Kambi

Chakubanga na Sani vipi, mbona mmevisahau? Chakubanga wa Christian Gregory, ndani ya Uhuru, alikuwa anasema kwa mchoro mmoja yale ambayo tahariri ilizunguka nayo safu tatu. Na jarida la katuni la Sani, 1978, kina Pimbi, Lodilofa, Ndumilakuwili. Jina lenyewe walijigawia waanzilishi, Saidi na Nico. Mwanafunzi akikamatwa nalo darasani linachukuliwa, halafu ofisini walimu wanasikika wakicheka.

Mwalimu Mstaafu TBR

Hilo la ofisini nitalinyamazia.

Embe Dodo wa Isevya

Mleta uzi, tuache utani. Kuna mzee jirani yangu hapa Isevya ana boksi la Kiongozi, la miaka ya hamsini mpaka sitini na kitu, panya hawajaligusa. Anataka kulitoa, wanawe wanamwambia achome. Nimemwambia kuna mgonjwa Kigoma. Hataki pesa. Anasema hajala mgebuka wa maana tangu astaafu reli.

Mwisho wa Reli

Mwambie asiguse kiberiti! Leo hii naongea na Mama Dagaa, mzigo unapanda treni. Boksi lisiwekwe karibu na asali, nawajua nyie. Na kila ukurasa wenye barua za wasomaji uje mzima, matangazo pia, hata kipande kilichokatwa pembeni.

Mama Dagaa Kibirizi

Mimi sijakubali bado. Boksi moja ni migebuka mingapi? Mpe mzee bei mapema, ziwa halijafungwa. Likishafungwa kwa mapumziko ya samaki, hata ukiniletea Mambo Leo ya Januari 1923 hupati mkia.